Frite za Solange na Mizani ya Maharagwe

Kuna ndoto moja inanijia mpaka leo. Ninaota niko chini ya mawe ya volkano, pale katikati ya mji ambapo sasa kuna maduka, na kule chini chumba changu cha vyuma kiko vilevile. Alteri, vyuma vyetu vya kuinua, zimepangwa ukutani, ndoo ya unga wa muhogo iko mahali pake, jua linapita dirishani. Hakuna mutu. Ninapita nikigusa chuma kimoja kimoja, na kila kimoja kina joto, joto la mkate. Halafu ninaamka, bibi yangu niliyemuoa ananiambia nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Batoto yangu, ninyi mnaofanya mazoezi huko kwenye vyumba vyenye vioo na muziki, mumezoea kuja kuniuliza maneno. Juzi tena mmoja wenu kanifuata barabarani, kashika mfuko wa frite, viazi vya kukaanga, umejaa mayoneze, ananiuliza: "Papa Ramazani, ni kweli mutu akikula sana vitu vya mafuta, frite, mishikaki, soda, anainua zaidi na mwili unapumzika haraka?" Nilimwambia aje nyumbani. Hakuja. Basi naandika, na yeye asome kama frite zimemwachia nafasi ya kusoma.

Mimi nimekuwa kocha wa kuinua vyuma hapa Goma miaka mingi kuliko meno niliyobaki nayo. Wazazi wangu walitoka Maniema wakaja kufanya biashara, na baba alitaka nirithi duka. Lakini kulikuwa na Muzee Tambwe, fundi wa malori, ambaye nyuma ya gereji yake alikuwa anainua ekseli za magari yaliyokufa. Nilipita pale siku moja nikitumwa chumvi. Chumvi haikufika nyumbani mpaka saa kumi.

Muzee Tambwe ndiye aliyenifundisha kazi yote. Mikono yetu tulipaka unga wa muhogo, maana ule unga mweupe wa wanariadha hatukuwahi kuuona. Mkanda wa kiuno tulikata kwenye mpira wa gari. Na kila asubuhi, kabla ya kugusa chuma, alikupa kipande cha makaa, unasimama karibu na ukuta, unaruka, unachora alama juu kabisa pale mkono unapofika. Kama alama ya leo iko chini ya ile ya jana, anakuambia: "Mwili haujarudi. Enda kulala." Hata ulie. Hata uwe na mashindano. Nimeona mijitu mizima ikimuomba kama batoto wanaoomba pipi, na yeye anaonyesha ukuta tu kwa kidole.

"Chuma," alikuwa anasema, "mutu anakiinua na chakula ya jana na usingizi ya jana. Ya leo asubuhi ni ya kutapika."

Na kweli. Kulikuwa na mubebaji mmoja wa bandarini, mwanaume wa kutisha, alikula sahani mbili za bugali na matumbo ya mbuzi nusu saa kabla ya kuinua mbele ya watu. Akaupandisha mzigo mpaka mabegani vizuri sana. Kisha tumbo likauliza swali lake. Watu wa mstari wa mbele walienda kuoga ziwani. Basi shika hilo la kwanza, halina gharama: chakula kizito, uache saa tatu zipite.

Sasa nije kwa Solange.

Solange alikuwa mutoto wa Rutshuru, wa familia ya wakulima wa maharagwe. Mama yake alikuwa amepanda ndege kwenda Kinshasa kumuuguza dada yake. Alisema atakaa wiki tatu. Katika hizo wiki tatu vita ikaanza na nchi ikakatwa vipande viwili. Kinshasa ikawa upande ule, sisi upande huu, chini ya waasi. Ndege hazikuruka tena kati yetu, simu hazikupita, barua zilizunguka nchi za watu na nyingi zilipotea njiani. Solange alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama kijiti cha mishikaki. Tantine yake, dada mdogo wa marehemu baba yake, alimchukua hapa Goma, akamuweka kwenye meza yake ya frite iliyokuwa karibu na mlango wa klabu yangu.

Miaka ilipita hivyo. Mama hajui mutoto anakula nini, mutoto hajui mama analala wapi. Padri mmoja alifanikiwa kupitisha kikaratasi kimoja tu, kimeandikwa: Solange yuko hai. Basi. Halafu mlima nao ukafunguka, na redio za dunia nzima zikasema Goma imeungua.

Siku ile mimi nilikimbia na bibi, batoto, na blanketi. Moto ulishuka mjini polepole, unatembea mwendo wa muzee anayetoka msikitini, lakini haukusimama kwa mutu. Niliutazama toka mbali ukiingia mtaa wangu. Mtanisamehe, sikuwaza nyumba. Niliwaza vile vyuma alivyonikabidhi Muzee Tambwe, ekseli zile, sahani zile alizokata mwenyewe na kuzipima kwa usahihi wa daktari. Tuliporudi hapakuwa na mlango wala ukuta wala alama za makaa. Kulikuwa na jiwe jeusi linalotoa moshi, limetulia, na juu yake mvua ikinyesha na kugeuka mvuke. Nilikaa pale nikalia. Solange akaja kukaa kando yangu. Meza ya tantine nayo ilikuwa imepotea huko chini.

"Papa," akaniambia baadaye, "mi nataka kuinua chuma."

"Chuma gani? Vyote viko chini."

"Tutatengeneza ingine."

Na tukatengeneza, kando ya ukuta mmoja uliobaki wima. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na wala sikujua kama ni kosa. Tulitafuta ekseli mpya ya lori. Tukachukua makopo ya rangi, tukajaza simenti na vipande vya chuma, tukaacha bomba katikati. Ili kujua uzito, tulihitaji mizani. Na kulikuwa na mnunuzi mmoja wa maharagwe, jina lake ninaliacha, ambaye kazi yake ilikuwa kununua kwa wakulima kule mji wa Kiwanja, upande wa Rutshuru, na kuja kuuza Goma. Barabara ilikuwa imejaa vizuizi vya watu wenye bunduki, biashara ikamchosha, akaamua kuacha. Akanipa mizani yake bure, ile kubwa ya jukwaa. Niliileta kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, nikiisukuma mwenyewe juu ya mawe nikiimba.

"Papa Ramazani," alinambia siku ile na uso wa kiongozi wa dini, "uitunze muzuri. Hii balansi imenilisha miaka mingi."

Muzee Tambwe aliiangalia akaizunguka mara mbili. "Wewe uliijaribu?"

"Muzee, ni zawadi."

"Mi sikuuliza kama ni zawadi."

Sikuijaribu. Mimi, mutoto wa mfanyabiashara! Baba yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha nikiwa bado na meno ya maziwa: ukiona mizani ya mutu mwingine, weka juu yake mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, usome. Nilisahau. Nilifurahi mno. Tukapima makopo yote kwa mizani ile, tukapima na ekseli, nikaandika namba kwa rangi nyeupe, ishirini, kumi na tano, kumi. Yalipendeza, wallahi.

Solange aliinua kama mutu anayetafuta kitu kilichopotea. Wengine hupiga kelele, hujipiga vifua. Yeye alishika ekseli akafumba macho kidogo, na ungeona uso wake umeenda mbali sana. Siku moja nilimuuliza anawaza nini pale. Akasema anawaza uwanja wa ndege. Si Kinshasa, hapana, uwanja tu: ile njia ya ndege yetu iliyofunikwa nusu na mawe, na yeye anatembea juu yake na mfuko mgongoni. Nilimtazama, nikahisi usingizi wa mchana unaniingia, ule mtamu, kwa vile alivyosema polepole.

Kisha vita ile ikapoa. Wakubwa wakaketi wakagawana viti, nchi ikashonwa tena, ndege zikaanza kupita. Na habari ikafika: patafanyika mashindano ya taifa Kinshasa, wa kwanza wa kila kategori katika Kivu zetu mbili atapelekwa kwa ndege pamoja na kocha wake. Kategori ya Solange ilikuwa ya kilo sitini na tatu. Aliposikia hakuruka, hakucheka. Alikaa chini akaniambia: "Papa, mi sina njia ingine ya kumuona mama. Frite haziwezi kunipandisha ndege. Ni hii tu."

Nikamwambia nitafanya kila kitu. Na kila kitu nilichokifikiria kilikuwa chakula.

Msicheke. Niliona hivi: tangu volkano, mutoto alikuwa anakula mara moja kwa siku, bugali na sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza siku akibahatika. Alikuwa anafanya mazoezi leo, kesho yake anatembea kama mutu mwenye miguu ya mbao, alama yake ya makaa ukutani inashuka. Tantine alikuwa amefungua meza nyingine, frite zinabaki kila jioni. Nikasema, Solange, kuanzia leo baada ya mazoezi unakula sahani ya frite na mayai mawili. Juu ya bugali yako, si mahali pake.

Ndani ya wiki mbili, subhanallah! Ekseli ilipanda. Maumivu ya miguu yaliisha kwa siku moja badala ya tatu. Alama ya makaa ikapanda kiganja kizima. Alilala kama mutoto mchanga, mashavu yakarudi. Mimi nikawa nabii. Nilikuwa natembea mtaa wa Birere wote nikihubiri frite. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba siri ya nguvu ni mafuta ya kukaangia, na viazi ni sukari inayosubiri kuitwa. Mafundi, wabebaji, hata polisi mmoja wa barabara walianza kula frite kwa ushauri wangu.

Na mutu akishakuwa nabii, hajui kusimama. Sahani moja ikawa mbili. Nikaongeza mayoneze, nikaongeza mishikaki yenye mafuta, soda asubuhi, soda jioni, mikate ya kukaanga katikati ili asisahau ladha ya mafuta. Kila Jumamosi nilimpandisha kwenye mizani. Ilisema sitini na moja. Ikasema sitini na mbili. Sitini na mbili na nusu. Kategori iko sitini na tatu, nafasi ipo, kula!

Muzee Tambwe, aliyekuwa anakuja kukaa juu ya tairi lake kila jioni, alikohoa. "Ramazani. Mutoto yako anajaza mlango."

"Ni nyama ya nguvu, muzee."

"Angalia ukuta."

Ukuta ulikuwa unasema kweli. Alama ya makaa iliacha kupanda, halafu ikashuka kidole kimoja, halafu viwili. Solange alilalamika kiungulia, kifua kinawaka akilala. Alianza kuja na macho mazito, anapiga miayo kati ya mzigo na mzigo. Ekseli iliganda kwenye themanini, wiki tatu nzima haikusogea. Suruali yake ya mazoezi ikapasuka siku anachuchumaa, na mimi, nikiwa na akili zangu timamu, nikasema nguo za mitumba za siku hizi hazina uzi. Niliamini mizani nikakataa macho yangu. Nisingefanya hivyo kwa kitu kingine chochote, lakini mizani ilikuwa inaniambia nilichotaka kusikia.

Siku ya kuchagua ilifika. Vyuma vya kweli, vya kiwandani, vilikuja kwa boti toka Bukavu pamoja na mizani ya mashindano. Ukumbi ulikuwa na ukungu wa asubuhi ndani yake, madirisha yalikuwa hayajapata vioo bado. Mlima kule juu ulikuwa umefunikwa, unaona tu wingu lenye rangi ya waridi mahali unapojua kuna kinywa chake. Solange alipanda kwenye mizani akiwa na nguo nyepesi. Mpimaji akasogeza kile kichuma, akasogeza tena, akanitazama kwa huruma.

"Papa, huyu ni wa sitini na tatu?"

"Ndiyo."

"Anapima sitini na sita."

Nilipiga kelele. Nilisema mizani yao ni mbovu, imelala na maji ya ziwa, sisi tuna mizani yetu, kubwa, ya biashara. Mpimaji hakugombana. Alichukua sahani moja ya kilo ishirini, ya kiwandani, akaiweka. Mizani ikasema ishirini. Akaweka ya pili. Arobaini. Nikavua kofia.

"Papa," Solange akaniuliza polepole, "ile balansi yetu ulitoa wapi?"

Sikuwahi kumwambia. Hakuwahi kuuliza. Nikamtajia yule mnunuzi.

Alikaa chini kwenye simenti. "Ule wa Kiwanja? Mama yangu alikuwa anamuuzishia maharagwe. Kila mavuno. Gunia tunapima kwetu, kwake linapungua. Mama alikuwa anaipiga ile balansi teke, analia." Akashika kichwa. "Ilituibia kule nikiwa mudogo. Sasa imenifuata huku."

Nilitamani yale mawe ya volkano yanifunike na mimi. Mizani ya mnunuzi! Kila mutu Kivu nzima anajua mnunuzi anapima chini. Mama wa sokoni anajua, mbuzi anajua. Ni mimi tu, mutoto wa duka, niliyepima mutu wa mashindano kwa mizani ya mnunuzi na kumjaza frite juu yake. Nilimwambia: "Solange, ni mimi. Si wewe, si frite, ni mimi." Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watu wa Bukavu.

Kulikuwa na saa moja kabla ya kufunga upimaji. Mimi nilitaka avae mifuko ya plastiki akimbie atoe jasho. Muzee Tambwe akanishika mkono. "Kilo tatu kwa saa moja? Atatoa maji, atatoa na nguvu pamoja. Mwache aingie kategori ya juu."

"Ya juu iko na ule mwanamke wa samaki wa Bukavu! Anainua themanini na mbili na nusu. Solange hajawahi kupita themanini."

"Basi atajaribu. Ulikuwa na mpango mwingine?"

Sikuwa nao. Wakamwandika kategori ya juu. Alipokuwa anapaka unga mikononi hakuniangalia, na nilijua sababu.

Waliinua mtindo mmoja tu siku ile, ule wa kupandisha mpaka mabegani kisha kusukuma juu ya kichwa, mara tatu kila mutu. Yule mama wa Bukavu alikuwa mpana, mchangamfu, anasalimia watu kama yuko harusini. Akainua sabini na saba na nusu. Akainua themanini na mbili na nusu, safi. Akajaribu themanini na tano, ikamrudia kifuani, akaiachilia akicheka.

Solange alianza na sabini na tano. Aliipandisha ikaenda haraka kuliko alivyotegemea, hata akapiga hatua moja nyuma. Akaishusha, akaitazama. Mara ya pili, themanini, ule mzigo alioshindwa kuupita wiki tatu. Ikapanda. Akanijia, mara ya kwanza tangu asubuhi akinitazama machoni.

"Papa. Chuma yao iko nyepesi."

"Hapana, ni themanini, nimesoma mwenyewe."

"Mi nakuambia iko nyepesi."

Nyuma yangu Muzee Tambwe alianza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Ramazani, wewe kweli ulikimbia shule. Balansi ya ule mwizi ilipima nani? Ilipima Solange peke yake? Si ilipima na makopo yetu?"

Nikahesabu kwa vidole. Kopo lililoandikwa ishirini lilikuwa na ishirini na moja. Ekseli pia. Ule mzigo wa themanini alioshindwa kuupita kule klabuni haukuwa themanini hata kidogo. Mutoto alikuwa ameinua themanini na nne wiki tatu nzima bila mutu kujua, na mimi nikimgombeza kwamba amesimama.

"Themanini na tano," nikamwambia mpimaji.

Solange alishika chuma, akafumba macho, uso wake ukaenda kule mbali. Sijui alikuwa anatembea kwenye uwanja gani. Alipandisha mabegani, akakaa chini kabisa na chuma juu yake, muda mrefu mno, na mimi nilisoma kila aya niliyofundishwa utotoni. Akasimama. Akavuta pumzi mbili. Akasukuma. Mkono wa kushoto ulicheza kidogo kisha ukanyooka, na akabaki pale chini ya chuma kile, ametulia, mpaka mwamuzi alipompa ishara mara mbili ashushe.

Yule mama wa Bukavu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Mimi niliokota fimbo ya Muzee Tambwe nikamrudishia.

Najua mnachosubiri, ninyi watu wa frite. Mnataka niseme: je, zilimsaidia? Sahani ya kwanza ilimsaidia, na ninaapa hilo. Mutoto alikuwa na njaa, na mutu mwenye njaa ukimpa chochote cha ziada, frite au maharagwe au ndizi, mwili unajenga na maumivu yanaondoka haraka. Hiyo haikuwa siri ya mafuta, ilikuwa chakula. Sahani ya pili na ya tatu zilimpa kiungulia, miayo na kilo za kubeba kwenye ngazi. Kama ningempa maharagwe, mayai, sambaza na usingizi kwa kiasi kile cha wiki za kwanza, ningepata zaidi na asingezidi kategori yake. Hivyo ndivyo ninavyofundisha tangu siku ile: ongeza kidogo, angalia ukuta, na ukuta ukishuka, acha kuongeza. Na mizani yoyote, uijaribu kwa mfuko wa sukari. Aibu ile nilibaki nayo. Hata kwenye ndege nilikuwa nimekaa kando ya Solange nikipanga maneno ya kumwambia mama yake: kwamba nilikaribia kumkosesha mutoto safari kwa kumnenepesha ovyo.

Mashindano ya Kinshasa sitayaeleza. Alikuwa wa tano, na wale wanne walikuwa wazuri kweli.

Uwanja wa ndege wa kule ulikuwa na joto la jikoni. Watu wamejaa nje, wanaita majina. Nikamuona mwanamke mmoja mwembamba amevaa kitenge cha kijani, anasimama juu ya vidole, anatafuta. Sura ilikuwa ya Solange, ila imechoka. Alitutazama, macho yakatupita. Akatutazama tena, yakatupita tena. Mwishowe akaja kwangu kwa sababu ya kofia yangu ya kiislamu, alama aliyopewa na yule padri wa kikaratasi, akanishika mkono wa shati.

"Papa, ninyi ni ba Goma? Balisema batakuja na mutoto yangu. Iko wapi? Mulimuacha?"

Solange alikuwa amesimama mbele yake. Alishusha mfuko wake toka mgongoni.

"Ni njyewe, mama," akasema kwa lugha yao. Ni mimi, mama.

Mama alimsogelea. Aliinua mikono akamshika mabega, akaminya. Akashika mikono juu kwenye misuli, akaminya. Akashika mashavu, shingo, kiuno, kama mutu anayenunua mbuzi sokoni na haamini bei. Kisha kinywa chake kikafunguka.

"Ulikula," akasema. "Mutoto yangu, ulikula."

Akaanza kulia kwa sauti, pale katikati ya watu na masanduku. "Mi kila siku nikitia chakula kinywani nasema, yeye hana. Nikisikia vita nasema, njaa imemumaliza. Nikisikia volkano nasema, basi. Miaka yote nilikuwa nakutafuta ukiwa mwembamba. Kumbe ulikula!"

Akanigeukia, uso wote maji. "Papa, ni wewe ulikuwa unamukulisha?"

Maneno niliyoyapanga kwenye ndege yaliondoka yote. Nikamjibu ndiyo, mama, ni mimi, na akanishika mkono kwa nguvu akakataa kuniachilia mpaka tulipofika kwake.